Foleni ya Mwalimu Rosalia

Siku ya maombi ya watahiniwa, katika shule moja ya kanisa huko Likoni, kila mtahiniwa huchukua kalamu yake ya mtihani akampelekea mwalimu ampendaye, aishike na kuiombea. Miaka tisa mfululizo foleni ndefu ilikuwa ya Mwalimu Rosalia wa hisabati. Mwaka huu ilikuwa ya Cheryl.

Cheryl huyo wa juzi tu, hata mwaka hajamaliza, anayefundisha dini kwa gitaa na kuwaita watoto marafiki zake! Rosalia alimtazama kwa jicho la pembe, akahesabu vichwa: thelathini na kimoja. Akahesabu vyake: sita. Roho ilimuuma hasa, maana Pasta Mutua, mwalimu mkuu, alikuwa amesema wazi kwamba atakayekimbiliwa na watoto wengi zaidi siku hiyo ndiye atakayepewa darasa la watahiniwa mwakani. Darasa hilo ndilo lililomtoa Rosalia kitandani kila alfajiri, hata mwaka ule aliofiwa na mumewe.

Basi akatumia akili. Kama foleni haina watu wengi, ataivuta kwa maombi marefu, isiishe kabla Pasta hajatoka. Kalamu ya kwanza aliiombea toka Mwanzo hadi Ufunuo. Ya pili akaingiza wazazi, serikali na feri. Jua lilikuwa kali, na watoto ni watoto. Mmoja akanyemelea foleni ya Cheryl, mwingine akamfuata. Rosalia alipofumbua macho baada ya amina ya tatu, alikuwa amebaki Mwanatumu peke yake.

Mwanatumu alikuwa Mwislamu, kama wengi pale. Mamake alikaanga viazi karai vya kuuza ufuoni Shelly Beach na alimleta shule hiyo kwa ajili ya hesabu. Huyu naye, Rosalia alijisemea, amekuja kunionea huruma.

"Shikamoo, mwalimu. Dua nasomewa nyumbani," Mwanatumu alisema. "Ila hili swali la saba la mtihani wa majaribio, wallahi, bado sijalifahamu."

Lilikuwa swali la tangi na mifereji miwili: mmoja hulijaza kwa saa tatu, wa pili kwa saa sita. Likoni tangi la namna hiyo halijaonekana, lakini mtihani haujui Likoni. Rosalia alisahau maombi. Akamvuta binti hadi kwenye ubao wa barazani, akaanza: saa moja, huu theluthi, huu sudusi, jumla nusu. Mtoto mmoja akasogea kusikiliza, kisha watatu, kisha foleni ya Cheryl ikakatika katikati.

Cheryl alibaki na kalamu mbili mkononi, anatazama. Jicho lile Rosalia alilijua, alikuwa nalo asubuhi nzima. Ilimpasa aone huruma. Aliona utamu.

Hatimaye Cheryl akaja, akamwinamia sikioni. "Waliniuliza hilo jana, mwalimu. Nikawaambia tuliombee."

Kicheko kilishafika kooni, na kwa kicheko hicho angemmaliza mbele ya wote. Lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga Cheryl. Rosalia akakimeza, akampa chaki achore tangi jingine.

Pasta Mutua alipotoka ofisini hakukuta foleni, ila rundo la watoto na walimu wawili kwenye ubao mmoja. Akauliza hawa ni wa nani.

"Wangu," Rosalia alisema kabla hajajizuia. Akatazama chini, akijua fika kwamba neno linalofuata litalikata darasa lake la mwakani nusu.

"Wetu," akasema.