Kiti cha Landry

Hebu niambieni, mpiga picha naye hupigwa picha na nani?

Jeanne alikuwa na studio yake Balsall Heath, juu ya duka la vitambaa. Pazia la nyuma alilichora mwenyewe, Ziwa Kivu na milima yake. Kwenye rafu kulikuwa na kitana, poda, tai ya akiba, na pini za kubana makoti yanayowapwaya wenyewe. Wakongo wa Birmingham walikuja wakakaa mbele ya ziwa lile, na ndugu zake pia. Yeye hakukaa hata siku moja.

Jumamosi hiyo walikuja ndugu. Mardochée, mtoto wa marehemu kaka yao Landry, alikuwa anaoa, na wakwe wa Bujumbura walitaka kuiona familia kwenye picha. Mama yao aliletwa kutoka Kingstanding kwa kiti cha magurudumu, shingo imelegea kama ua la juzi. Kila mtu alijua hatapigwa picha nyingine.

Baba wa bwana harusi lazima aonekane, hata akiwa kaburini. Kwa hiyo Jeanne aliweka kiti kitupu kando ya mama. Landry angeingizwa baadaye kwa kompyuta, kutoka picha ya zamani. Kazi hiyo aliizoea.

"Na wewe yaya, mukubwa wangu, usijisumbue kuvaa," Marlène, mdogo wake, alimwambia huku akijipaka wanja. "Wakwe watauliza bwana yako iko wapi. Tutasema nini? Ulimukimbia na sanduku kichwani?"

Wakacheka. Jeanne naye akacheka kidogo, ndivyo alivyozoea.

Lakini taa haipimwi juu ya kiti kitupu, inataka uso.

"Ikala wewe," Marlène akasema. "Uko murefu sawa Landry. Hata kidevu!"

Jeanne akamwonyesha Mardochée kitufe cha kamera, akaenda akakaa. Bega lake likagusa bega la mama. Mama alinukia dawa ya kuchua na sabuni ya mtoto. Mama hakugeuka, macho yalikwisha kuingia ukungu; akapapasa tu, akaukamata mkono wa Jeanne, akausugua kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayempasha mtoto joto.

"Landry, umekuya, mtoto wangu?"

Jeanne angeweza kuitikia jina hilo.

"Ni miye, mama. Jeanne."

Mkono ukaondolewa. Mama akaupangusa kwenye kitenge chake.

"Basi utoke. Unaikala mu kiti ya watu."

"Tantine, taa iko sawa," Mardochée akamwambia shangazi yake, bila kumtazama. "Utoke sasa, tupige."

Marlène akamvuta mkono wa gauni. Jeanne akashika kiti kwa mikono yote miwili.

"Nilitaka munipige picha, miye," akasema. "Miaka hii yote. Miye, hapa, pembeni ya mama, naye anajua ni miye."