Dari Lililokunywa Kijani

Tangu asubuhi Kidoti alikuwa akiikodolea macho picha yake, na kadiri alivyoitazama ndivyo ilivyomkera. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kwa kompyuta picha za vyumba ambavyo bado havijajengwa. Hiki kilikuwa cha mwenye hoteli: kuta za kijani, dari jeupe, kitanda, dirisha moja. Mwenyewe alikwisha kuikataa mara mbili. "Chumba gani hiki, cha midoli?" alimwandikia. "Isipokaa sawa kufikia saa sita, kazi nampa mwingine."

Shangazi yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, akaingia na chai, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Taa zote hizi za nini, mwanangu? Dirisha si lipo?"

"Nimeweka tisa, shangazi. Nikiacha dirisha peke yake, pembeni kunakuwa giza totoro."

"Mchana kweupe? Giza limetoka wapi?"

Kidoti akageuka kuzitazama pembe za chumba walimokuwa.

"Na hilo dari, mbona jeupe pepepe? Miaka ishirini napaka kuta za kijani, na kila mteja ananijia juu: fundi, umenichanganyia rangi! Kumbe dari limekunywa kijani cha ukutani tu."

Akachukua kifuniko chekundu cha ndoo, akakiweka kwenye jua, karibu na ukuta mweupe. Ukuta ukaingia wekundu, kana kwamba umeona haya.

Kidoti akampokonya. Akakisogeza, akakirudisha, akakisogeza tena. Kumbe mwanga hauishii unapogonga! Unadunda, tena unaondoka na rangi ya ulipogonga. Na yeye, ili kompyuta isimcheleweshe, alikuwa ameiamuru mwanga usidunde hata mara moja, kisha akaziba giza kwa mataa.

Akayazima yote tisa. Akauruhusu mwanga udunde mara nane. Kompyuta ikanguruma saa nzima, nao wameikalia kama chungu jikoni. Polepole pembe zikapata nuru, kivuli kikalala laini chini ya kitanda, na dari likawa kijani cha jani changa.

"Ataniambia nimeharibu."

"Wewe tuma."

Saa sita kasorobo simu ikalia.

"Sasa hiki ni chumba," mwenye hoteli akasema. "Lakini dari hilo silitaki. Afadhali nimeliona kabla sijanunua rangi. Nifanyie kuta za krimu, halafu uendelee na vyumba vilivyobaki."

Kidoti akaiweka simu chini. "Shangazi, krimu nayo inafanya nini darini?"

"Mh! Hapo umenipata. Lete kopo la rangi tuone."