Kushoto kwa Bi Harusi

"Mimi kushoto na kulia nilivijua tangu tumboni mwa mama," Bingwa alisema, na ili maneno yasikose chumvi akaongeza, "hata mateke nilikuwa nampiga kwa zamu, huku moja, huku moja."

Aliyasema hayo Ijumaa kwenye chumba cha anatomia, ambacho asubuhi kilikuwa cha wanafunzi wa uuguzi na mchana cha wanafunzi wa mifugo. Pembeni mwa ubao ilining'inia mifupa ya binadamu, kamili isipokuwa kidole gumba kimoja cha mguu. Wanafunzi waliiita Mwembamba. Binamu yake Bingwa, binti wa mjomba wake, ambaye alisomea uuguzi, alikuwa anaifuta vumbi.

"Haya, mjuzi," binamu akasema. "Ini la Mwembamba lingekaa wapi?"

Bingwa akapiga hatua, akagusa mbavu bila hata kufikiri.

"Hapo umeshika penye wengu, ndugu yangu. Ini liko kulia. Na kulia ni kwa mwenye mwili, si kwako wewe unayemtazama."

"Basi kageuzwa na mfagiaji," Bingwa akajibu, na wala hakuona haya. Haya na yeye hawakuwahi kukaa nyumba moja.

Kumbe Jumatatu kulikuwa na mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi wa mifugo angepewa ng'ombe mmoja na kadi moja, amkague, aandike alichokiona. Atakayefanya vizuri kupita wote ndiye angefuatana na Daktari, mwalimu wao, likizo nzima, kutibu mifugo ya watu boma kwa boma. Nafasi ilikuwa moja, na wenye kuitamani kumi na tisa. Bingwa hakuitamani. Yeye alikwisha kumpigia mama yake simu kwamba ameshachaguliwa, na mama yake alikwisha kuwaambia majirani.

Jumatatu akaingia bandani mabuti yanang'aa, koti jeupe limepigwa pasi, na mfukoni kalamu tatu: ya bluu, nyeusi, na nyekundu. Nyekundu ya nini, na mwanafunzi hasahihishi? Ukimuuliza atakwambia, "Najizoesha."

Akapewa Bi Harusi, ng'ombe mnene aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kutembea kana kwamba kuna watu wanamshikia gauni nyuma. Mama Ndoo, mkamuaji wa chuo, alikuwa bado ameketi kwenye kigoda ubavuni mwake, anakamua.

"Shikamoo, Mama Ndoo."

"Marahaba, mwanangu. Nakaribia kumaliza, ningoje kidogo."

"Bingwa hangoji, mama. Endelea tu, mimi nitapita kwa juu."

Sasa, rumeni, lile tumbo kubwa la ng'ombe, hukaa kushoto, na likiwa zima hujigeuza na kunguruma mara moja au mbili kila dakika. Hilo Bingwa alilijua kama jina lake. Akasimama mbele ya Bi Harusi, uso kwa uso, kama alivyosimama mbele ya Mwembamba. Akashika njia ya mkono wake wa kushoto, akajiinamisha juu ya mgongo wa Mama Ndoo, akabandika kifaa cha kusikilizia ubavuni.

Kimya. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kwa mbali, kama maji yanayopita kwenye bomba la jirani. Kikawa kimya tena.

"Masikini," Bingwa akanong'ona, huku moyo unamdunda kwa furaha. Ugonjwa mkubwa siku ya mtihani ni bahati! Akaandika kwa herufi kubwa: RUMENI IMESIMAMA. HALI MBAYA. APASULIWE LEO. Akapiga mistari miwili chini ya "leo".

Mama Ndoo akanyanyua ndoo yake, akaondoka kwenda kuchuja. Bingwa akarudi kichwani kumpa mgonjwa pole. Mgonjwa akamtazama, akabeua, taya zikaanza kusaga: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alikuwa anacheua kwa raha zake.

Jasho likamtoka. Ng'ombe ambaye rumeni yake imesimama hacheui. Hilo wanalijua hata wasiosoma. Akazunguka upande wa pili mbio, akasikiliza, na huko akakuta radi, kama mtu anaburuta kabati ghorofani. Mara mbili kwa dakika.

Akatazama huku na huku. Wenzake kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake. Basi akaikunja ile kadi mara nne, akaiweka katikati ya konzi ya majani, akamkaribisha Bi Harusi. Bi Harusi hakukataa.

"Daktari, naomba kadi nyingine. Hii imeliwa."

"Imeliwa?"

"Ng'ombe hawa wanapenda elimu, Daktari."

Daktari, mtu mrefu asiyecheka ovyo, akampa. Safari hii akaandika vizuri, mwandiko wa kutundikwa ukutani.

Saa nne wakakusanyika wote mbele ya Bi Harusi. Daktari akazipitia kadi moja moja, nyingine akazigunia, mpaka akafika kwa Bingwa.

"Mara mbili kwa dakika. Sawasawa kabisa. Waeleze wenzako ulisikilizia wapi."

"Kushoto kwake, Daktari, tangu mwanzo hadi mwisho." Akawageukia wenzake. "Kuna watu huwa wanasahau kwamba kushoto ni kwa mwenye mwili."

"Safi. Hebu nipe hiyo kalamu yako nyekundu nikuwekee alama."

Bingwa akaingiza mkono mfukoni kwa madaha. Bluu. Nyeusi. Akapapasa tena. Akapapasa mfuko wa pili.

"Unatafuta hii, mwanangu?" Mama Ndoo alikuwa mlangoni, ameshika kalamu nyekundu inayodondosha maziwa. "Nimeikuta kwenye kichujio. Ilidondokea ndooni ulipokuwa umenilalia mgongoni unasikiliza."

Daktari akaitazama kalamu. Akakitazama kigoda, ambacho bado kilikuwa palepale karibu na mguu wa nyuma.

"Mama, huyu unamkamulia upande gani?"

"Kulia, Daktari. Miaka ishirini na miwili, kulia. Kushoto anapiga teke."

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Bingwa akainama, akaanza kuyafuta mabuti yake yaliyokuwa yanang'aa.

"Ila nami nina swali," Mama Ndoo akasema, kwa upole kabisa. "Nilipokuwa pale dirishani nachuja, niliona anamlisha karatasi. Ile nayo ni dawa?"

Daktari akaipangusa kalamu maziwa, akaijaribu pembeni mwa kadi ya Bingwa. Iliandika vizuri tu.