Hodi ya Shangazi Bernadetta

Nyumba ya Bibi Wilhelmina ilikaa juu ya mawe pale Mkolani, Mwanza, kana kwamba mtu aliipandisha huko kisha akasahau kuishusha. Kutoka barabarani ulipanda ngazi kumi na moja, zilizochongwa kwenye mwamba na marehemu babu. Mzee yule alikuwa na miguu mirefu, na alichonga ngazi za kumtosha yeye. Walioumbwa wafupi walijijua wenyewe.

Kwa miaka minne sasa ngazi hizo zilikuwa zimemtenga mama na bintiye. Shangazi Bernadetta, mshonaji wa nguo kule Mirongo, aligongwa na gari, na tangu hapo akawa mtu wa kiti mwendo. Mwanzoni alikuja kwa mama yake akibebwa na wanaume wawili wa jirani. Siku ya Pasaka mmoja wao akateleza kwenye ngazi ya saba. Shangazi hakuumia, ila gauni lake jipya lilipanda mpaka mapajani mbele ya mtaa mzima, na watu wakampa pole huku wakificha kicheko. Aliposhushwa alisema, "Sibebwi tena," na akishasema, amesema. Bibi naye, mwenye miaka themanini na ushee, bajaji aliziona ni mchezo wa wehu. Ikabaki simu. Kila jioni walipigiana, wakaulizana wamekula nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Mjukuu wa Bibi, Kokuberwa, alikuja likizo kutoka chuoni Dar, mwaka wa nne wa usanifu majengo. Binti huyu alikuwa mwotaji tangu utotoni; aliweza kutazama ukuta mpaka chai ikapoa na inzi akaogelea. Safari hii aliota jambo moja tu, Shangazi akiwa sebuleni kwa mama yake. Alikwisha kusoma habari za majengo yasiyombagua mtu. Alijua kwamba kiti mwendo kikipanda hatua moja, kinahitaji hatua kumi na mbili za mteremko ili mkono usichoke. Akapima huku na kule kwa siku tatu, akapata jibu. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa imeinuka yenyewe, kwa hiyo njia ingenyooka kama rula hadi mlango wa jikoni. Akaichora, akaipaka rangi, hata maua akayachora pembeni.

Akaupeleka mchoro Mirongo ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Koku. Nionyeshe hicho unachokikumbatia."

Shangazi alisimamisha cherehani, akauweka mchoro mapajani, akaufuata kwa kidole chenye tondoo ya kuzuia sindano. Kidole kikafika mwisho wa njia, kikatulia.

"Inaingilia wapi hii?"

"Jikoni, Shangazi. Ndiko kunakofaa. Hakuna mwamba wa kuvunja."

"Jikoni ndiko mnakoingizia mkaa."

Koku akaanza kueleza habari za vipimo. Shangazi alimwacha aeleze mpaka maneno yakamwishia.

"Ni njia nzuri, mwanangu, na mkono wako ni mzuri. Lakini nikuulize. Tangu niumie, uliwahi kuniona nikipiga hodi kwa mama?"

Koku akafikiri. "Hapana."

"Mtu anayebebwa hapigi hodi. Anayembeba ndiye anayepiga, na wa ndani wanawaambia wao karibuni, mimi natuliwa kwenye kiti. Kitu changu ninachokitamani ni hicho tu, Koku. Nifike mlango wa mbele nilikopita nikiwa bi harusi, nipige hodi, mama aniitikie. Kama ni kupitia penye majivu, simu inanitosha."

Akamrudishia mchoro, akaendelea kushona. Koku alitoka pale amefedheheka. Alikuwa amepima ardhi, mwamba na magurudumu ya kiti, akamsahau mwenye kukikalia.

Alasiri ile akapanda juu ya jiwe kubwa lililoegemea nyumba ya Bibi. Kutoka huko ziwa lilionekana kipande tu, kama kanga iliyoanikwa mbali. Jiwe lilikuwa na joto la mchana kutwa, na upepo ulileta harufu ya dagaa. Akalala. Akaota mawe yote ya Mwanza yamenyanyuka bila kelele na kuteremka ziwani kunywa maji, yakifuatana taratibu kama ng'ombe. Juu ya lile la mwisho ameketi Shangazi, anashona, na uzi unamtoka mkononi unalizunguka jiwe, unazunguka tena, na kila ukizunguka Shangazi yuko juu kidogo. Mawe yakanywa. Ziwa likapungua kimo cha kidole. Halafu ikaja sauti ya kiganja kupapasa jiwe, swaa, swaa, na alipofumbua macho bado aliisikia.

Akachungulia chini. Bibi Wilhelmina alikuwa akirudi kutoka dukani na sukari yake. Lakini hakuwa ngazini. Alikuwa upande wa pili wa jiwe, ameliwekea kiganja, akilizunguka hatua kwa hatua, macho yakitazama mbele bila kutazama kitu.

"Bibi! Mbona hupiti ngazini?"

Kikongwe akashtuka kama mwizi. "Ngazi zimezeeka."

"Ngazi ndizo zimezeeka?"

"Kwani nimezeeka mimi? Naona vizuri tu. Jua ndilo limepungua siku hizi."

Koku akashuka mbio. Akafumba macho, akaweka kiganja pale pa Bibi. Jiwe lilikuwa laini kwa urefu wote wa njia, limesuguliwa na mkono mmoja kwa mwaka mzima au zaidi, na hakuna aliyejua. Njia ilikuwa ndefu, ikapinda nyuma ya jiwe, ikapita kando ya minyaa, ikapanda polepole bila ngazi hata moja, ikamtoa barazani, mbele ya mlango mkubwa. Mwenda pole hajikwai. Koku alisimama pale akalia, kwa furaha na kwa aibu pamoja.

Fundi Ndalahwa alipoitwa alicheka.

"Mhandisi, babu yako alipita njia fupi, wewe unapita ndefu. Mwenye akili nani?"

"Pima tu, fundi."

Wakapima usawa kwa mpira wa maji, wakapanua penye wembamba, wakamwaga zege, wakaweka mahali pa kupumzikia katikati, wakaondoa kizingiti cha mlango. Ndalahwa alitaka kulipiga jiwe plasta lipendeze. Koku akamshika mkono. "Hapo usiguse, fundi. Hapo ni pa mkono wa Bibi."

Jumapili baada ya misa, bajaji ikasimama barabarani. Shangazi alivaa gauni la kitenge. Majirani wawili wakakimbilia kumsaidia, naye akawatazama tu, wakarudi nyuma. Akashika magurudumu. Akapinda nyuma ya jiwe, akapotea, akapumzika, akaonekana tena kando ya minyaa, jasho likimtoka. Koku alimfuata kwa mbali, hakuthubutu hata kukohoa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndani, Bibi alikaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye mwanga.

Shangazi akapangusa uso. Akanyanyua mkono, akagonga ubao.

"Hodi."

Bibi akainua kichwa.

"Hodi!"

Bibi hakuitikia. Koku alishangaa, maana Bibi huyu, hata kama macho yalimwacha, alikuwa na masikio ya kusikia mjusi akipita juu ya bati. Ndipo akayaona machozi yakimtiririka kikongwe hadi kidevuni.

"Sijasikia vizuri," Bibi akasema. "Piga tena."

"Hodi, mama. Ni Bernadetta."

"Karibu," akasema Bibi Wilhelmina. "Karibu ndani."