Maji ya Kumpulizia Mgeni

Mtoto wa mjukuu wangu Witness alikaa bila jina kwa sababu ya jino langu.

Nyumbani kwetu mtoto akizaliwa, mkubwa wa nyumba hushika maji safi mdomoni, humpulizia usoni yatue kama umande, ndipo hutaja jina. Kabla ya hapo anaitwa Mgeni tu. Na mkubwa wa nyumba yetu, pale Mvumi, ni mimi. Sasa jino langu la mbele, la juu, likawa linatoa usaha. Kila nikikusanya mate naonja uozo. Nikamwambia mwanangu Nikodemo, baba yake Witness, "Sitamtemea mtoto uchafu. Asubiri."

"Basi ling'olewe, mama."

"Ling'olewe! Mawili ya chini walishanitoa utotoni, ndiyo desturi ilivyokuwa. Na hili likienda, maji yatamwagika kama ndoo iliyotoboka. Nitambariki mtoto au nitamwogesha?"

Nikodemo akacheka. Witness hakucheka. "Bibi, hata kanisani wananiuliza mtoto anaitwa nani. Nawajibu nini?"

Ndiye aliyenipeleka Dodoma mjini kwa daktari wa meno, Mgeni yuko mgongoni.

Daktari Angelina alinisalimia shikamoo, akapiga picha ya jino, akasema linaweza kubaki, ila ndani ya mzizi kumeoza, lazima pasafishwe. Akanichoma ganzi, akanifunika mdomo kwa kipande cha mpira, jino peke yake likachungulia kwenye tundu. Akachokoa kwa vyuma vyembamba kama sindano. Akaingiza kijiti cha karatasi, kikatoka cha njano, kinanuka. Kisha akashika bomba la sindano, akaanza kumimina dawa ndani ya jino.

Harufu ikanifikia puani. Jiki! Ile ya kufulia mashuka.

Kusema siwezi, mpira umeniziba. Nikapunga mkono kama mtu anayefukuza ndege shambani kwenye mtama. Daktari akavuta dawa yote, akautoa ule mpira.

"Mwanangu, jiki? Kinywa hiki kinasubiriwa na mtoto mchanga!"

"Ni ya ukoo mmoja na jiki, bibi, lakini hii imepimwa kwa kazi ya meno. Ya dukani usiiweke kamwe. Mpira unaizuia isishuke kinywani, na mrija huu unaivuta itoke."

"Na vyuma vyako havikwangui?"

"Vinakwangua njia kubwa. Mzizi una vijia vya pembeni ambavyo chuma hakipiti, na wadudu wanajificha humo. Dawa inapita. Naitikisa ifike kila kona."

Nikakikumbuka kibuyu changu cha maziwa. Shingo yake mkono hauingii, na kijiti kinakwangua pale kinapofika tu. Maziwa ya jana yakibaki kwenye kona, ya leo yanaharibika. Kwa hiyo unatia maji ya moto na changarawe, unatikisa mpaka bega linauma.

"Kumbe unaosha kibuyu," nikasema. "Rudisha mpira wako. Tikisa, usinionee huruma."

Alitikisa kweli. Mwishoni akaweka dawa nyeupe, akaziba kwa muda, akaniambia nirudi wiki inayofuata.

Niliporudi akafungua, akaosha tena, akaingiza kijiti kingine cha karatasi. Kikatoka kikavu, cheupe. Nikanyoosha mkono. Daktari akaelewa, akanipa. Nikanusa. Hakuna kitu! Nikamsogezea Witness.

"Bibi jamani!" Akageuza uso. Kisha akanusa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Daktari akalijaza jino, akaliziba moja kwa moja.

Jumapili nikachota maji kwa kata, nikasukutua, nikatema nyuma ya zizi, nikachota mengine. Nikapuliza. Yakapita kwenye meno, yakatoka laini. Mgeni akakunja uso, akapiga chafya.

"Mazengo," nikasema.

"Mbona hata hajalowa!" Nikodemo akashangaa.

"Na wewe ulitaka ling'olewe."

Witness alikuwa hatusikii. Alikuwa ameinama juu ya mwanawe, anamwita jina lake, anarudia, anarudia.