Nani Anamjua Bibi Harusi?

Katika Jumba la Mtakatifu Oswin, makazi ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyepata mchumba mpaka Ijumaa ya mwisho ya muhula wa pili alikuwa amekwisha. Si mchumba wa kweli, msianze kunong'ona. Ni mchezo wao wa tangu zamani: wanafunzi wawili wanaposana, wanafungishwa ndoa kwa pete ya peremende, na Oktoba inayofuata wanapewa wageni wapya watatu au wanne wawe watoto wao, wawapikie, wawaonyeshe maktaba, wawabembeleze wakilia. Mume kwa mke, mke kwa mke, mume kwa mume, hakuna aliyejali. Lakini mchezo ukichezwa na watu mia moja na ishirini wanaokula ukumbi mmoja, unaacha kuwa mchezo. Majina yaliandikwa katika daftari lililokaa kwa bawabu wa langoni, na kila aliyepita kuchukua barua zake alifunua aone nani kampata nani. Wasioposwa waliitwa mabaki. Jumamosi yake mabaki walipigiwa kura hadharani, wakaunganishwa wawili wawili, huku wenzao wakishangilia kama wako mnadani.

Keeley Openshaw wa Barnsley, mji wa makabwela kule kaskazini, hakutaka kuwa mabaki. Mwaka ule hakuwa na haja nyingine.

Alikuwa mmoja wa wachache waliotoka shule za serikali. Baba yake aliendesha forklifti kwenye ghala, mama yake aligawa chakula katika shule ya msingi, na siku ya kumleta chuoni wote wawili walivaa kama wanaokwenda kanisani. Keeley naye alikuja na nguo mpya zilizopigwa pasi. Akawakuta watoto wa wenye mali wamevaa sweta zilizotoboka viwiko, na viatu ambavyo mama yake angevitupa bila kuuliza. Mezani waliulizana shule kama wazee wanavyoulizana ukoo msibani: wewe wa wapi, aa, basi unamfahamu binamu yangu. Keeley alipotaja shule yake walisema, "Oo, vizuri," wakamgeukia mwingine.

Siku ya tatu alisimulia kisa fulani cha mwalimu wao wa kemia. Hawakukicheka kisa, walicheka anavyotamka. "Sema tena! Tafadhali, mpenzi, sema tena!" alisema Cosima, msichana mrefu mwenye nywele ambazo hazikujua kitana, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Keeley akasema tena. Akacheka nao. Baada ya hapo akanyamaza wiki nzima akisikiliza, na alipofungua mdomo tena, Barnsley ilikuwa imetoka katika matamshi yake.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa, ila hawakusema ainame mpaka lini. Keeley aliinama Oktoba nzima, na Novemba, na baada ya Krismasi hakuhisi tena mgongo. Walipocheka alicheka. Walipozungumzia milima ya theluji wanakokwenda kuteleza kila Februari, aliuliza maswali yanayofaa. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo watu wasilolielewa. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: umekufa ganzi, hauumi, na unaweza hata kuusimamia, ila usiuangalie sana.

Mtu pekee aliyewahi kumwona kabla ya ganzi alikuwa Kirsty Pallister wa Hartlepool, mji mwingine wa kaskazini, binti wa dereva wa basi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja. Kirsty naye alikuwa wa shule ya serikali, na hakubadilisha kitu hata kimoja. Walikutana wiki ya kwanza katika chumba cha kufulia, chini ya ardhi. Keeley alikuwa amekaa juu ya mashine, analia.

"We dada," Kirsty alisema, "unalilia soksi? Zitarudi. Hii mashine inameza moja, inatapika mbili."

Tangu siku hiyo kila Jumapili walikaa juu ya mashine zile wakila chipsi zilizoloweshwa mchuzi. Huko chini Keeley alizungumza kwa sauti ya kwao. Alimweleza Kirsty habari za njiwa wa mashindano wa babu yake, ambao babu aliwaita majina ya wajomba zake waliokufa. Alimweleza kwamba alipiga tarumbeta katika bendi ya mji tangu akiwa na miaka minane, kwamba tarumbeta lenyewe lilikuwa chini ya kitanda, na kwamba hajaligusa tangu afike, maana kuta za jengo lile ni nyembamba. "Lipige!" Kirsty alisema. "Waache wafe." Hakulipiga. Januari Cosima akamwambia, "Jumapili tunakunywa mvinyo chumbani kwangu, uje, Keels," naye akaenda. Akaenda na Jumapili iliyofuata. Chipsi zikaisha hivyo, pasipo ugomvi.

Sasa ilikuwa Machi, zimebaki siku tisa, na Keeley alishuka na kapu la nguo akamkuta Kirsty anahangaika na shuka la kitanda.

"Ee, mwanamke uliyepotea! Shika huko."

Keeley akashika pembe mbili. Wakalinyoosha shuka, wakalikunja mara moja.

"Keeley, tuoane bwana," Kirsty alisema. "Mimi na wewe. Watoto wetu watakula chipsi mpaka watuombe talaka."

Alisema kwa mzaha, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Keeley alilitazama lile shuka. Aliona daftari la bawabu, Openshaw na Pallister kwenye mstari mmoja, na vidole vya watu vikipita juu yake: aa, wale wawili, bila shaka.

"Nimeshaposwa," alisema.

"Na nani?"

"Utaona tu. Hatujaandika bado."

Ulikuwa uongo mtupu, na aliusema kwa sauti ya ghorofani, ile aliyojifunza kwa kina Cosima. Kirsty aliisikia ile sauti kabla hata ya kuyasikia maneno. Akazichukua zile pembe mbili kutoka mikononi mwake.

"Hongera basi," alisema, akamalizia kukunja shuka peke yake, vibaya.

Siku zikapungua. Cosima aliposwa kwenye ngazi za maktaba na kijana aliyepiga magoti juu ya barafu, akateguka goti. Wengine waliposana kwa mashairi, kwa keki, kwa mbwa wa kuazima. Kila asubuhi Keeley alipita kwa bawabu, akafunua daftari, akasoma. Kirsty aliandikwa siku ya nne na mvulana mpole wa hisabati aliyeitwa Anselm. Keeley alilitazama jina lile na kusubiri aone kama litamchoma. Akarudisha daftari, akaenda darasani.

Zilipobaki siku mbili, Ludo Ashcombe alikuja na trei yake wakati wa kifungua kinywa. Ludo, ndiyo, na usicheke, kwao ni jina la heshima. Ilikuwa inajulikana jumba zima kwamba atamwoa Ottoline, ila Ottoline alikuwa amemgeuka jana yake.

"Keels, umeshachukuliwa?"

"Bado."

"Safi sana. Maana wewe huna makuu. Wote tunasema hivyo, Keels hana makuu." Akatoa pete ya peremende mfukoni, ina vumbi la mfuko, akapiga goti moja. "Basi twende?"

Ukumbi mzima ukagonga meza kwa vijiko. Keeley alisema ndiyo. Aliweka mkono kifuani, kama wengine walivyofanya, akaisubiri furaha. Alichohisi ni njaa tu, maana mayai yalikuwa yanapoa.

Ndoa ilifungwa Jumapili saa tisa alasiri, katika sebule kubwa ya wanafunzi. Cosima alimfunika Keeley pazia jeupe la dirishani, likimwaga vumbi. Fergus wa mwaka wa tatu, aliyejifunga shuka na kujiita askofu, alisimama juu ya kiti. Jumba lote lilikuwepo, kwa sababu palikuwa na keki ya bure.

Desturi yao ni kwamba kabla ya pete, marafiki husimama kusimulia visa vya maharusi. Wa Ludo walisimama watatu. Walisimulia alivyotoroka bweni akiwa na miaka kumi na mitatu akalala na kondoo, alivyovunjika mkono, alivyomtapikia mke wa mkuu wa shule. Nusu ya watu walikwishazisikia zote, na walizicheka kabla hazijafika mwisho. Ludo alifunika uso kwa aibu ya raha. Hiyo ndiyo aibu anayoiona mtu anayejulikana.

Kisha akasimama Cosima.

"Keels," alisema, akitabasamu. "Nisemeje kuhusu Keels? Keels ni... ni mtu mzuri mno. Halalamiki kamwe. Hali nyama, hilo mnalijua. Anapenda mbwa. Anapenda mvinyo mweupe. Anatoka, wapi vile, mpenzi? Kaskazini! Na... yupo siku zote, sivyo? Ukigeuka, Keels yupo."

Watu walipiga makofi kwa upole. Chini ya pazia Keeley alizipitia zile sifa moja moja. Nyama aliacha siku ya pili ya chuo, kwa sababu meza nzima ilisema haili na yeye akasema hata mimi. Mbwa alimng'ata akiwa na miaka sita, ana kovu. Mvinyo mweupe ulimtia kiungulia. Cosima hakusema uongo hata mmoja. Alisimulia kwa uaminifu mkubwa mambo yote ambayo Keeley aliwahi kuyaitikia, na baada ya hayo hakukuwa na kingine.

"Fupi hiyo!" askofu alisema kutoka kitini. "Haturuhusu ndoa kwa shahidi mmoja. Nani mwingine anamjua bibi harusi?"

Hakuna aliyesimama. Mtu akakohoa. Ludo akamgusa kiwiko, akanong'ona, "Pole, Keels, watu wamelewa," ingawa hakuna aliyekuwa amelewa.

Kirsty alikuwa amesimama mlangoni na Anselm wake, ameshika sahani.

"Kirsty!" Cosima aliita kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. "Nyinyi si mnatoka kule kule?"

"Kutoka kwetu mpaka kwao ni saa mbili kwa treni, shoga, na York unashuka kupanda nyingine," Kirsty alisema, na watu wakacheka, na safari hii walicheka alichosema.

"Lakini unamjua?" askofu aliuliza.

Kirsty akaweka sahani chini. Akamtazama Keeley usoni, kupitia lile pazia, na Keeley akaona kwamba yote yako tayari mdomoni mwake: njiwa na majina ya wajomba, tarumbeta, msichana anayelia juu ya mashine. Angeyasema vizuri. Angewavunja mbavu, na wangemgeukia Keeley kama walivyomgeukia Ludo, au wangesema, sema tena. Hakuna ajuaye kipi. Kirsty aliinua nyusi, anaomba ruhusa.

Keeley alitikisa kichwa. Kidogo tu, pazia halikucheza.

Kirsty akaokota sahani yake. "Hapana," alisema. "Nilidhani namjua. Nimemfananisha."

"Aaa," watu walisema.

"Basi mimi mwenyewe namjua, yatosha!" askofu alipaza sauti, na hapo akaita pete. Ludo akaivalisha. Walirushiwa mchele mkavu, mwingine ukaingia kwenye mvinyo. Keeley alicheka pale walipocheka wengine. Alikuwa ameolewa, jina lake lilikuwa daftarini mahali pazuri, hakuna aliyemwita mabaki. Kama kuna mtu angemuuliza moyo wake unasemaje, angejibu kwamba hausemi kitu, na ingekuwa kweli.

Kisha watu walijipanga kuwapa maharusi mkono, maana hata katika mchezo watu wale hupenda foleni. Walipita mmoja mmoja: hongera, hongera, mkioana kweli mtualike. Kirsty alipanga foleni kama wengine, nyuma ya Anselm. Zamu yake ilipofika alijifuta makombo, akanyoosha mkono ulionyooka sawasawa, kama wa siku ya kwanza ya shule.

"Naitwa Kirsty," alisema, si kwa sauti ya juu. "Natoka Hartlepool. Nafurahi kukufahamu."

Hakuwa na hasira usoni. Aliushika mkono wa Keeley na hakuuachia, akasubiri, kwa muda wa kutosha mtu kusema neno lolote duniani.

"Naitwa Keeley," alisema Keeley kwa ile sauti ya ghorofani. "Nami nafurahi kukufahamu."

Akautoa mkono wake, akampa aliyefuata.