Chupa ya Petroli ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi magari, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, ila nyumbani mimi ni mkwe, na mkwe hana ufundi. Mkwe ana heshima tu. Tulihamia kwa mama mkwe miaka sita iliyopita, baada ya msiba wa baba mkwe, ili asibaki peke yake. Tangu siku hiyo gari la marehemu huegeshwa hatua nane kutoka dirisha la jikoni, na sijawahi kuligusa bila kuitwa.

Ni gari la zamani, la kabureta, limemzidi mke wangu umri. Linawaka vizuri. Mama mkwe analiendesha mwenyewe, amenyooka nyuma ya usukani utadhani anapimwa urefu. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji mpaka alipostaafu, na tangu mwaka huu uanze yeye ndiye anayempeleka binti yetu shule. Binti yetu ana miaka saba. Hukaa kiti cha nyuma na huimba njia nzima.

Kabla hawajaondoka kuna ibada. Mama hufungua boneti, huinama na kunyamaza. Mle ndani, kabla ya mafuta kuingia kwenye kabureta, kuna filta ya kioo aliyoifunga baba mkwe kwa mikono yake: kichupa kinachong'aa, vifuniko viwili vyeupe huku na huku, na petroli unaiona kwa macho yako. Mama hukikazia macho kichupa hicho muda mrefu. Kisha hutoa kitambaa cha mkononi kilichokuwa cha marehemu, hukipitisha taratibu kuzunguka kioo, hukipeleka puani, hufumba macho na kunusa. Akimaliza hufunga boneti, humwita mjukuu wake, wakaenda zao.

Mke wangu huyatazama hayo dirishani, na sidhani kama katika miaka sita ameosha vyombo vya asubuhi hata mara moja bila kulia. "Ananusa harufu ya baba," aliniambia siku ya kwanza. Tangu hapo, mama akitoka tu na funguo, nyumba nzima hunong'ona. Redio huzimwa. Binti yetu hungoja mlangoni amekumbatia begi, hakohoi.

Siku moja betri ikagoma, nikaitwa. Ndipo nilipokiona kichupa kwa karibu.

Filta ya kioo ni kitu kizuri sana, kwenye kabati la maonyesho. Kioo chake hubanwa na vile vifuniko viwili, na katikati kuna vipete vya mpira vya kuzuia mafuta yasitoke. Mpira ukikauka kwa joto haukupigii simu. Injini inatikisika, vifuniko vinalegea kidogo kidogo, na petroli inaanza kutafuta njia. Cha baba mkwe kilikuwa kinaning'inia juu ya bomba la moshi, vipete vyake vigumu kama kucha, na ukingo wa kioo umemeguka pembeni. Kilikuwa hakijavuja. Kilikuwa kinajiandaa. Na nyuma yake, hata mita mbili hazifiki, ndipo anapokaa mtoto wangu akiimba.

Nikamwambia mama betri imepona. Akanishukuru. Nikaingia jikoni.

"Ile chupa lazima itoke," nilimwambia mke wangu.

"Chupa ya baba?"

"Filta ya petroli."

"Chupa ya baba," alisema, akafuta mikono. "Nani atamwambia mama? Wewe?"

"Itatuunguzia mtoto."

Hapo akabandika maji ya chai. Yalipochemka akauliza, "Huwezi kuitoa bila kuitoa?"

Nimeulizwa maswali mengi gereji, lakini hilo lilikuwa jipya. Ubaya wake ni kwamba jibu nilikuwa nalo.

Muuza spea wetu tunamwita Inaingia, kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akajibu kuwa hakiingii. Nilimweleza gari, akanitandikia mzigo mezani. Cha kwanza kilikuwa kichupa cha kioo, kipya.

"Hicho ndicho ninachokikimbia," nilisema.

Akaleta cha plastiki, cheupe, unaona ndani. "Inaingia hii."

Nilikigeuza huku na huku. Hakikuwa na maandishi yoyote, na mshono wake ulionekana kama umeunganishwa na mtu mwenye haraka. Zipo za plastiki nzuri, sikatai. Ila hiyo, ukiiweka karibu na joto italainika, kisha itakakamaa, kisha siku moja itapasuka njiani. Nikairudisha. Akaleta ya chuma, kubwa, ya magari ya kisasa.

"Hii inataka pampu yenye msukumo mkubwa," nilisema. "Pampu ya gari hili ni ya kizee. Na midomo yake haiendani na mpira wetu."

"Ukilazimisha inaingia."

"Hata wewe ukilazimishwa unaingia kwenye pipa."

Hakukasirika. Aliingia nyuma ya duka, akakaa huko mpaka nikadhani amekwenda kula, akatoka na kifilta kidogo cha chuma, kimezibwa kiwandani, hakina cha kufungua wala kulegea. Kimeandikwa kuwa ni cha kabureta. Midomo yake ilikuwa sawasawa na mpira wa mafuta, na ubavuni kulikuwa na mshale wa kuonyesha petroli inaelekea wapi.

"Ila hii huoni ndani," alinionya.

"Sitaki kuona ndani. Nitaibadilisha kwa tarehe."

Nikachukua na mpira mpya wa petroli, na vibanio laini visivyokata mpira.

Jumamosi mama alikwenda kumtazama dada yake kwa gari la jirani. Nilikifunga kifilta chini, kabla ya pampu, upande wa baridi, mbali na bomba la moshi na mbali na nyaya za cheche. Mshale niliutazama mara tatu. Nikawasha injini, nikatandika gazeti chini, nikangoja nusu saa. Gazeti likabaki kavu na mimi nikapumua.

Kisha nikakirudisha kichupa cha kioo mahali pake, kimeshikwa na vipande viwili vya mpira visivyokwenda popote, vimezibwa kwa ndani. Petroli sikuthubutu kuitia. Mke wangu alileta chai ya rangi, ameichuja mara mbili.

"Imekolea mno," nilisema.

Akaongeza maji. Tukaiinua kwenye mwanga, tukailinganisha na petroli niliyoikinga kwenye chupa ya soda, akaongeza tena kidogo. Watu wazima wawili, na cheti cha ndoa tunacho. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijua, na niliona aibu. Lakini binti yetu angeimba salama.

Jumatatu mama alifungua boneti. Alitazama, akapitisha kitambaa, akanusa. Akanusa tena. Akafunga, akaondoka. Siku zikaenda hivyo, na mimi nikaanza kula chakula kikashuka.

Ijumaa ya wiki ya pili aliniita kutoka nje. "Baba, hebu njoo."

Nilitoka. Boneti ilikuwa wazi.

"Petroli imeota ukungu," alisema.

Nikainama. Kweli, juu ya ile chai kulikuwa kumeelea kitu cheupe chenye manyoya.

"Naona, mama."

"Petroli huwa inaota ukungu?"

"Hapana, mama."

"Nilidhani hivyo. Ni chai?"

"Ni chai, mama."

"Ina sukari?"

"Haina."

"Iwe nayo isiwe nayo, nilijua tangu wiki ya kwanza. Petroli haikai kwenye mstari mmoja wiki nzima. Nilikuwa nangoja utasema lini. Ya kweli iko wapi?"

Nilimwonyesha. Alichuchumaa, akakipitisha kile kitambaa kuzunguka kifilta cha chuma, akanusa.

"Haivuji," alisema.

"Haina pa kulegea. Ile ya kioo ilikuwa hatari, mama. Nilishindwa kukwambia. Tulijua ni kumbukumbu ya baba."

Alinitazama kama vile mimi ni msaidizi aliyeangusha mkasi sakafuni katikati ya upasuaji.

"Kumbukumbu gani? Baba yenu alinifundisha hivyo aliponipa funguo. Usiwashe kabla hujaiangalia chupa. Pitisha kitambaa, nusa. Ikinuka petroli, mtoe kila mtu. Nikamuuliza fundi wake, akasema gari za zamani ndivyo zilivyo." Alisimama, akajishika kiuno. "Nilikuwa naogopa, baba. Miaka sita, kila asubuhi. Na tangu nianze kumbeba huyu mtoto, silali. Nikifumba macho pale naomba tu isinuke."

"Lakini mama, mimi ni fundi. Nalala chumba cha pili."

"Najua unapolala. Lakini nikifungua boneti mnazima redio. Nikasema, hawa watoto wanaiheshimu chupa ya baba yao. Nikiitupa wataona nimemchoka."

Dirishani mke wangu alikuwa ameshika sahani moja muda wote huo.

"Ungeniuliza," alisema mama. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Na mimi ningekuuliza."

Alitaka kujua kifilta kinabadilishwa lini. Nilimtajia mwezi. Alileta plasta ya hospitali, akaandika tarehe kwa kalamu, akaibandika upande wa ndani wa boneti, akaibonyeza kingo zote. Kichupa alikifungua mwenyewe, akamwaga chai kando ya ukuta, akanikabidhi pamoja na kitambaa. "Hiki kifuliwe," alisema. "Sina kazi nacho tena."

Mke wangu nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu mama alitoka na mjukuu wake, akafungua mlango, akawasha, wakaondoka. Haikufika dakika. Jikoni redio ilikuwa imezimwa, kwa mazoea tu. Mke wangu alikuwa ametumbukiza mikono kwenye maji ya vyombo, analia.

Safari hii nikauliza. "Unalia nini?"

"Najua alikuwa anakagua," alisema. "Lakini mimi nilikuwa namwona baba. Dakika tatu kila siku. Sasa simwoni."

Kitambaa kilikuwa bado mfukoni mwangu, nilikuwa sijakifua. Nikampa. Alikipeleka puani, akafumba macho vilevile kama mama yake. Kilikuwa kinanuka grisi na vumbi la injini.

"Ndiye," alisema.

Sasa anakiweka kwenye droo ya vijiko, na mimi nimeambiwa nisikiguse.